Goti la Ukoo Mzima

1

Siku hiyo goti la Kalunde liliamka likiwa la Mjomba Kasanda. Aligundua kabla hajafika bafuni. Mguu wa kulia ulijitupa nje, kisigino kikapiga sakafu kwa kishindo, na kiuno kikalazimika kufuata, mwendo wa mtu mwenye kitambi anayekipisha kitambi chake kitangulie. Kalunde hakuwa na kitambi. Alikuwa mwanamke mwembamba, fundi wa vigae, aliyezaliwa Tabora na kuanza kuzeekea hapo hapo, na alichotaka asubuhi ile ni kwenda kujisaidia bila kutembea kama mjomba wake.

"Luhende," aliita.

Mumewe alitokea na mswaki mdomoni.

"Niangalie vizuri. Huu ni mwendo wa nani?"

Luhende alimtazama akienda hadi mlangoni na kurudi. Alitoa mswaki. "Wa daktari," alisema. "Si aliseti mwenyewe ile programu?"

"Huu ni mwendo wa Mjomba Kasanda."

"Labda yeye na daktari wanafanana mwendo."

Kalunde alimkazia macho mpaka Luhende akakumbuka kwamba hajamaliza kupiga mswaki.

Kusema kweli, goti hilo lilikuwa limemchosha tangu siku aliyotolewa hospitali. Miaka yote ya kupiga magoti kwenye saruji ilikuwa imemlia gegedu lake, ile nyama ngumu inayokaa katikati ya mifupa, mpaka ikawa mfupa unasaga mfupa. Walimpasua, wakampandikizia mbegu ya gegedu jipya iliyooteshwa kutoka kwenye ubavu wake mwenyewe. Mbegu ile ni kama mtoto mchanga, haijui kazi. Hufundishwa na mguu mzima wa mtu mwingine. Ndiyo maana walipewa soksi mbili ndefu za kufika pajani, moja ya mgonjwa na nyingine ya mtembeaji. Mtembeaji akivaa yake na kwenda kwenye shughuli zake, ile ya mgonjwa hulikunja goti taratibu kwa kuufuata mwendo ule ule, na gegedu hukua likijua mzigo unakaa wapi. Daktari alisisitiza: mtembeaji awe mmoja, mwanzo hadi mwisho. Luhende, ambaye magoti yake hayajawahi kumsumbua kwa sababu hajawahi kuyasumbua, ndiye aliyeteuliwa.

Kalunde alikuwa amelala kitandani wiki hizo zote akikunjwa na kukunjuliwa. Kuna siku mguu ulikwenda mbio mpaka godoro likasogea. Kuna Jumamosi moja ulicheza ngoma, tena si kidogo, ulirusha shuka chini, na yeye akiwa chali anaangalia dari na kujiuliza ni matibabu gani haya. Kila alipouliza, Luhende alijibu ni programu. Alikuwa mume mwema, lakini hakuwa na mdomo wa kumkatalia mtu, na hata uongo wake ulikuwa wa kuomba radhi.

2

"Mtembeaji wako alikuwa nani, Bi. Kalunde?" Daktari Sijaona aliuliza.

Alikuwa binti mpole, mpole kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Mbele yao, juu ya meza, picha ya goti ilielea hewani, kubwa kama sufuria la pilau ya harusi, ikizunguka polepole. Gegedu lilionekana kwa rangi, nyekundu juu ya kijani, kijani juu ya njano, na chini yake rangi nyingine ambazo Kalunde hakuwa na majina yake.

"Mume wangu huyu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Luhende alianza kuichunguza feni ya darini.

"Kwa sababu mimi hapa naona watu wengi," daktari alisema. "Huyu alivaa viatu virefu. Huyu aliendesha baiskeli. Na huyu sijui alikuwa anafanya nini, ila kiuno kilihusika sana."

Luhende hakuwahi kuweza kuuvumilia ukimya.

"Walikuja kukujulia hali, mke wangu. Watu wamefunga safari. Ungewaambiaje?"

"Ningewaambia wakae, wanywe chai, waondoke."

"Dada Nyanzala alisema mtembeaji mmoja ni aibu. Alisema, kwani Kalunde ni yatima? Hana ndugu? Basi akaunda kamati."

"Kamati ya goti langu."

"Mwenyekiti yeye mwenyewe. Katibu, Shemeji Masunga. Mweka hazina alikuwepo pia, ingawa hakukuwa na cha kuweka. Kila mtu akachangia mwendo kwa uwezo wake, soksi ikawa inazunguka, na katibu anatangaza kwenye kundi: fulani ametembea kutoka sokoni hadi stesheni. Watu wanapongeza. Shangazi Nzigula alikuwa na harusi siku ya zamu yake, akaona asikose vyote viwili."

Kalunde aliikumbuka ile Jumamosi ya ngoma. Alitamani kumfinya mtu, na aliyekuwa karibu ni Luhende tu, na Luhende alikuwa amejikunyata kiasi kwamba hata kumfinya kungekuwa uonevu. Ndugu wale walimkera. Walimpenda, hilo halikuwa na ubishi, na ndicho kilichomwudhi zaidi, kwa sababu angewasema nini? Ungesikia katika ukoo mzima kwamba Kalunde alichangiwa akakasirika.

"Utatembea," daktari alisema. "Leo kama mjomba, kesho kama shangazi, kadiri gegedu linavyochoka, lakini utatembea."

"Na kupiga magoti?"

Daktari Sijaona aliizungusha ile picha, akaitazama hiyo badala ya kumtazama mgonjwa. "Ukipiga magoti, tabaka moja litateleza juu ya jingine. Litachanika."

Siku hizi mashine ndizo zilizotandaza vigae kwenye kumbi, shule na stesheni, popote penye ukuta ulionyooka. Mafundi waliachiwa nyumba za zamani, zile ambazo hazina kona moja iliyo sawa na nyenzake, na huko hakuna kazi inayofanyika wima. Fundi wa vigae asiyepiga magoti ni mtu anayesimama mlangoni na kuwaelekeza wengine, na Kalunde aliwajua watu wa namna hiyo na hakuwapenda.

"Kuna dawa," daktari aliendelea. "Naweza kuyachuja matabaka, niyayeyushe moja baada ya jingine, libaki la mumeo. Mengi ni mepesi, yatatoka leo leo. Baba, naomba unisaidie kuchukua dawa dirishani pale nje, wanaita kwa jina la mgonjwa."

Luhende aliondoka kwa haraka ya mtu aliyefunguliwa kamba.

3

Mlango ulipofungwa, daktari aliinyanyua rangi moja kutoka chini ya nyingine zote. Ilikuwa ya kijivu. Haikutulia, ilikuwa inatetemeka.

"Hili halitoki," alisema. "Lilikuwa la kwanza kabisa, mbegu ikiwa bado laini, kwa hiyo limeshika kwenye mfupa. Na huu mtetemo si uchovu. Mwenye mguu huu anaumwa, Bi. Kalunde. Ni mishipa ya fahamu. Huenda hajui, huenda anajua. Mimi simjui na sheria hainiruhusu kumtafuta."

"Sasa litatokaje?"

"Mpaka mwenyewe aridhie. Avae soksi ya mtembeaji, apige hatua chache, aweke kidole gumba ubavuni mwa soksi. Soksi itanitumia alama za mguu wake, nami nitaweza kulitenga na kuliyeyusha. Ila akishaweka kidole, taarifa ya ugonjwa inaingia kwenye faili lake papo hapo. Na kama kazi yake imebeba roho za watu, mwajiri anaarifiwa. Hilo halipitii kwangu, linajiendesha lenyewe."

"Akikataa?"

"Litaganda hivyo lilivyo. Linaganda sasa hivi tunapoongea. Usililaze jambo hili."

Kalunde alipewa soksi ikiwa imekunjwa, akaitia kwenye mkoba. Hakuuliza tabaka la kwanza lilikuwa la nani. Katika ukoo wao, na pengine katika kila ukoo wa nchi hii, mchango hufunguliwa na mwenyekiti. Dada yake Nyanzala asingekubali mtu mwingine atangulie hata kama angekuwa anatambaa.

Na Nyanzala alikuwa dereva wa treni ya kasi ya Mwanza.

4

Ili kufika barazani kwa Nyanzala, kwenye nyumba za reli, lazima upande ngazi. Kalunde alifika chini ya ngazi hizo mchana, peke yake, Luhende akiwa ameachwa hospitali kwenye foleni ya dawa, goti likiwa limechoka na safari, na hapo mguu ukagoma. Haukuuma. Ulisimama tu, ukasubiri, na mkono wake wenyewe ukazama kwenye mkoba na kuanza kupekua.

Alikuwa hatafuti chochote. Alishtuka, akautoa mkono. Mara ngapi amemwona dada yake akisimama hivi hivi mbele ya ngazi za kanisa, za benki, za nyumba za watu, akipekua mkoba na kulalamika kwamba funguo zake hazionekani? Walimcheka. Walimnunulia mpaka kamba ya kuning'inizia funguo shingoni. Kumbe alikuwa anaungoja mguu.

"Nani kakuruhusu kutembea?" Sauti ya Nyanzala ilitoka juu. Alikuwa ameketi barazani na sare yake ya kazi, akichambua mchicha, kwa sababu hakuwa mtu wa kungoja zamu mikono mitupu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usipige goti, leo nimekusamehe. Panda, shika ukuta. Luhende yuko wapi? Nilimwambia asikuache."

Kalunde alipanda, akaketi. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, maneno ya taratibu, lakini alipoiona ile sare yote yalimpotea. Akaitoa soksi na kuiweka juu ya ungo wa mchicha.

"Daktari amejua," alisema. "Anajua tabaka la kwanza lina mguu unaotetemeka. Hajui ni wa nani."

Nyanzala aliiangalia soksi, akaiondoa juu ya mboga, akaipangusa, akaiweka kando. "Mbona unaniwekea uchafu kwenye chakula."

"Dada."

"Nimekusikia."

"Ulijua unaumwa, na bado ukaivaa?"

"Ulitaka nifanyeje? Niite ukoo mzima, niwaambie toeni, halafu mimi nisitoe? Wangeuliza kwa nini. Nilizunguka humu ndani tu, jikoni na sebuleni. Kidogo sana. Sikujua kidogo nacho kinashika."

Ilikuwa sababu ya kijinga kabisa, na Kalunde aliielewa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hilo lilimpandisha hasira mara mbili. Alimweleza yote aliyoelezwa: kuridhia, kidole gumba, faili, mwajiri. Alimweleza pia kwamba bila hivyo hatapiga magoti tena. Nyanzala alisikiliza akiendelea kutenga majani na vijiti.

"Wakipata hiyo taarifa watanishusha kwenye treni," alisema.

"Ndiyo."

"Ile treni inajiendesha, Kalunde. Mimi nafanya nini mle? Kuna pedali. Taa inawaka, nainua mguu, nakanyaga. Basi. Treni inajua kuna mtu na yuko macho. Nisipokanyaga, inafunga breki yenyewe. Hata nikifa mle ndani abiria watafika salama. Kwa hiyo huniokoi mimi, wala huwaokoi abiria. Unaokoa goti lako."

"Nakuja kama ndugu yako."

"Sema kweli. Goti lako lingekuwa zima, ungekuja?"

Kalunde alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, na alijua kabisa namna ambavyo ndiyo hiyo ingesikika. "Nisingekuja," alisema. "Nisingejua."

"Na ungejua?"

"Sijui, dada. Labda ningekaa kimya, kwa kukuogopa. Lakini sasa najua, na siwezi tena kutojua. Usipande treni leo."

"Nikipanda?"

"Nitawapigia mwenyewe."

Nyanzala aliuweka ungo chini. Alikuwa amekasirika sasa, hasira ile ya utulivu iliyomfanya mwenyekiti wa kila kitu. "Wapigie. Ila ujue ukiwapigia, hiyo soksi siivai. Nitakwenda kwa daktari wangu, kwa miguu yangu, siku nitakayotaka. Na wewe goti lako litaganda hivyo hivyo na mimi ndani yake. Chagua."

Hapo Kalunde alichoka. Alichoka na kamati, na programu, na kuchangiwa, na dada ambaye hata akikosea yeye lazima wewe ndiwe uchague. Aliwaza kona zote alizowahi kuzipima pembe, na mkao wake sakafuni, magoti chini, pima maji mbele yake, uso karibu na kazi. Alikuwa anaupenda mkao ule kuliko kiti chochote duniani. Machozi yalimjia, akayameza kwa uchungu.

"Basi ligande," alisema.

Aliinuka, akautia mkoba begani, akashuka zile ngazi bila kuaga. Goti lilikuwa limechoka kabisa, na linapochoka kabisa hubaki lile tabaka la chini. Hatua ya kwanza uwanjani mguu uliburuzika. Ya pili ukapinda kwa ndani, ukasita, ukajivuta. Kalunde aliendelea kwenda, maana akiwa na hasira hakuwa mtu wa kusimama, na nyuma yake ungo ulipinduka.

"Simama," Nyanzala alisema.

Kalunde hakusimama.

"Mdogo wangu, nakuomba. Simama hapo hapo."

Lile neno nakuomba lilikuwa geni kinywani mwa Nyanzala. Kalunde alisimama, akageuka. Dada yake alikuwa ameshika nguzo ya baraza na hamtazami usoni. Anautazama mguu. Na mguu, sasa ulipokuwa umesimama, ulikuwa unatetemeka, wayo ukiinuka na kushuka mavumbini, ukiinuka na kushuka, bila haraka.

"Ndivyo ninavyotembea?"

"Ndivyo unavyotembea."

"Nilidhani hauonekani. Acha kuutikisa."

"Siutikisi."

"Kalunde, acha. Nimeshaelewa."

"Siutikisi, dada. Unajitikisa wenyewe. Hata nikisinzia hapa utaendelea."

Walibaki wanautazama wote wawili. Wayo uliinuka, ukakanyaga. Ukainuka, ukakanyaga. Kalunde alikuwa anawaza maumivu yake, kwa hiyo alichelewa kuona alichokiona Nyanzala, mpaka alipoinua macho na kukuta uso wa dada yake umekauka damu.

"Ile taa," Nyanzala alisema, sauti imemshuka. "Siku hizi sijawahi kuikosa. Wamenipongeza kwa hilo. Kuna safari ya juzi, tulipopita Shinyanga, sikumbuki kabisa tulipitaje Shinyanga. Nilijua nimechoka tu. Nikasema, lakini si taa nimezijibu zote. Kumbe ni mguu uliojibu, si mimi."

Kutoka upande wa stesheni ilisikika sauti ya tangazo, ikiwaita abiria wa Mwanza waanze kukaguliwa mizigo.

Nyanzala alirudi kwenye kiti akiwa ameshika ukuta. Hakujifanya anatafuta funguo. Alichukua simu, akapiga karakana, na mtu alipopokea alianza kwa kuitikia shikamoo na kuuliza habari za nyumbani, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Leo sipandi. Mwiteni Budeba, na akianza kulia kwamba ni siku yake ya mapumziko mwambieni nimesema mimi. Hapana, sijapata msiba. Hapana, hamnipangii na kesho." Akasikiliza. "Kwa sababu nimeuona mguu wangu."

Akiwa bado na simu sikioni, akimfokea mtu kuhusu nani atakagua breki za behewa la mwisho, alivua kiatu cha kulia na kuunyoosha mguu mbele.

Kalunde alikuwa ameshapanda tena. Aliikunjua soksi. Kazi ya kumvisha mtu soksi hufanywa kwa kupiga goti, na mwili wake ulianza kushuka wenyewe kwa mazoea kabla hajaukatisha. Akashika mkono wa kiti, akaketi sakafuni na mguu wake ukiwa umenyooka mbele, na kwa kujivuta kwa makalio, akinung'unika, akasogea mpaka ule mguu unaotetemeka ukamfikia mikononi.